Mjane, Deni na Mlango Uliofungwa

Somo: 2 Wafalme 4:1-7

Mjane huyu alimlilia Elisha kwa sababu ya deni. Mdai alikuwa amekuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Lakini angalieni mstari wa 4. Kabla ya kumimina mafuta, aliambiwa ajifungie mlango na wanawe. Mstari huo nilikuwa naupita haraka, mpaka dada mmoja wa ushirika wetu aliponijia jicho limevimba. Alikuwa amepokea mkopo wa chama aongeze stoki ya mitumba. Mumewe akazitaka pesa zote, alipokataa, akapigwa. Mimi ndiye niliyemhimiza akope, na mambo ya nyumbani kwake sikuwa nimemuuliza hata moja.

Mkopo wa bei nafuu ni baraka, sikatai. Mama mwenye pesa yake ana nauli ya kuondoka mambo yakiharibika, na shylock hamfuati mlangoni. Lakini bila ulinzi, pesa hiyo hiyo inaweza kuleta vita. Kule Limpopo, Afrika Kusini, mpango uitwao IMAGE uliunganisha mikopo na mafunzo kuhusu ndoa na dhuluma, palepale kwenye mikutano ya kurejesha pesa. Katika miaka 2, hatari ya akina mama hao kupigwa na wapenzi wao ilishuka kwa asilimia 55.

Akina baba, Jumatano baada ya maombi tunaanza mafunzo kama hayo. Njooni na wake zenu. Na wewe mama unayepigwa, hakuna mzee wa kanisa atakayekwambia uvumilie tu. Piga 1195, ni bure.