"Walimuua": kiambishi cha nafsi na riwaya ya upelelezi

Riwaya ya upelelezi huanza na maiti, na muuaji hafahamiki. Kiswahili sanifu kina chombo kinachoifaa kazi hiyo: kauli ya kutendwa. Ukisema "aliuawa", umetaja tendo, umemtaja aliyetendwa, na nafasi ya mtenda umeiacha wazi. Msomaji anafunua kurasa mia mbili akingoja ijazwe. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba Kiswahili tunachokisema Kanyabayonga huiacha nafasi hiyo wazi kwa njia nyingine, na kwamba njia hiyo ikifika mbele ya polisi inaweza kumtia shahidi matatani.

Tuanze na mifano. Kwetu watu husema: "Walimuua." "Waliniibia simu." "Wamefunga njia." Kiambishi wa-, ambacho husikika pia kama ba-, ni cha nafsi ya tatu wingi, lakini si lazima watenda wawe wengi. Aliyeibiwa simu sokoni na kijana mmoja atasema vilevile "waliniibia". Jaribio lake ni rahisi. Ongeza maneno "lakini sijui kama ni mmoja ao ni wengi", na sentensi itasimama. Sasa tanguliza kiwakilishi chenyewe: "Wao walimuua." Jaribio linavunjika, kwa sababu umeshawanyooshea watu fulani kidole. Kinande nacho kina matumizi haya, kama lugha nyingi za Kibantu, na hata msemaji wa Dar es Salaam anayajua. Tofauti ni kwamba yeye ana "aliuawa" karibu na ulimi wake. Kwetu umbo hilo nalisikia zaidi redioni, kanisani na darasani, jikoni silisikii.

Riwaya za Kiswahili tunazosoma kitivoni zimeandikwa na wale wenye umbo la pili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957-58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kikachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa wake, mwenye kiko, si askari. Ni mtu mwerevu anayewatangulia askari. Kwa riwaya ya kipolisi hasa ningemtaja Faraji Katalambulla na *Simu ya Kifo* ya 1965, ambamo Inspekta Wingo anafuata mauaji ndani ya Dar es Salaam. Walimu wetu husifu kasi ya kitabu hicho. Mimi kinanishangaza kwa jambo lisilotajwa sana: mpelelezi na shahidi wanaelewana. Swali linaulizwa kwa Kiswahili, jibu linatoka kwa Kiswahili, na hakuna neno linalopotea njiani. Kwa msomaji wa Kivu, hilo ni jambo la ajabu kuliko mauaji yenyewe.

Kitabu kinachokaribia hali yetu hakikuandikwa kwa Kiswahili. Ni *Nairobi Heat* cha Mukoma wa Ngugi, ambaye baadaye alishiriki kuanzisha tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili. Msichana mzungu anakutwa amekufa mlangoni pa profesa Mnyarwanda anayesifiwa kwa kuwaokoa watu mwaka 1994, na askari Ishmael kutoka Wisconsin anafuata nyayo hadi Nairobi, hadi kwenye kashfa inayogusa pesa za misaada na sifa za mashujaa. Ishmael ni Mmarekani. Mwenzake Mkenya ndiye anayemfungulia mlango wa lugha. Tunasoma yaliyosemwa kwa Kiingereza tu. Kama shahidi alisema "walimuua" ama "aliuawa", hatutajua kamwe, na katika kesi ya siasa huenda hilo ndilo swali.

Hapa niruhusiwe kutoa mfano wa nyumbani. Nilipokuwa nikimaliza sekondari, mfanyabiashara jirani yetu alipigwa risasi usiku. Mama mdogo aliitwa kutoa ushahidi katika ofisi moja ya polisi, nami nikamsindikiza kwa kuwa nilijua Kifaransa. Alisema: "Shefu, walimuua usiku, sisi tulisikia tu risasi." OPJ akaandika kwenye PV: *Ils l'ont tué la nuit*. Kisha akainua kichwa.

"Hao ni nani, mama?"

"Sijui, shefu."

"Umesema ni wao. Sasa huwajui?"

Kifaransa kina neno linalofaa hapo, *on*, ambalo halimtaji mtu. *On l'a tué* ingekuwa tafsiri sahihi. Nilijaribu kusema hivyo kwa heshima, nikaambiwa mwanafunzi hamfundishi mtu kazi. Mama mdogo alikaa kwenye benchi hadi jioni, kisha akatia kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. *Ils* ilibaki pale.

Ninavyoona, OPJ hakudanganya. Alifasiri mofimu moja kwa sura yake badala ya kazi yake, kosa ambalo hata sisi hulifanya katika zoezi la tafsiri. Lakini kwetu kosa hilo lina uzito. Kanyabayonga uko mpakani mwa Lubero na Rutshuru, juu ya barabara ya taifa namba 2, na wenye silaha hubadilishana mji huo. M23 waliuingia mwishoni mwa Juni 2024. Mahali kama hapo kutomtaja mtenda ni kinga. "Walimuua" humruhusu mtu kusema kweli kwamba kuna aliyeua, bila kumtaja. Kuigeuza *ils* ni kumvua kinga hiyo na kumwandika kuwa ni mtu anayejua. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 18, inadai anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Kuhusu lugha ya shahidi kifungu hicho hakisemi kitu.

Narudi kwenye riwaya. Wenzangu wawili wanaandika hadithi za upelelezi zinazotokea Butembo na Beni, na wote wawili wameandika "aliuawa" katika vinywa vya wauza mkaa. Wanasema ni usanifu. Kwangu ni kupoteza kisa kilicho tayari. Mpelelezi wa Kivu aliyesoma Kinshasa, anayeandika kwa Kifaransa na kusikia Kiswahili cha nusu, angeweza kumfuata "wao" kwa sura kumi, akikamata vijana watatu watano, huku muuaji akiwa mtu mmoja mwenye ofisi na gari. Msomaji wa kwetu angelitambua kosa kuanzia ukurasa wa kwanza, na asingeweza kumwambia.