Soksi ya Mgonjwa na Udhu Wake

Ndugu zangu wanafunzi, suala hili lilinianzia nyumbani Mbale, si darasani.

Mama mdogo alipata donge la damu kwenye mshipa wa paja wiki chache baada ya kujifungua. Alimeza dawa za kuzuia damu kuganda, maumivu yakaisha, tukasema Alhamdulillah. Mwaka wa pili mguu uleule ukaanza kuvimba kila jioni, mzito kama umejazwa mchanga, na ngozi ya juu ya kifundo ikawa nyeusi. Majirani wakasema kategewa dawa njiani.

Kumbe jambo lenyewe linajulikana. Mishipa inayorudisha damu moyoni ina vali, vijilango vinavyofunguka upande mmoja tu. Donge huviharibu, na hata likiyeyuka havifungi tena sawasawa. Mtu akisimama, damu hurudi chini na kujazana mguuni. Katika watu 10 waliopata donge la aina hii, kati ya 2 na 5 hubaki na tatizo hilo, mara nyingi ndani ya miaka 2. Wachache hufikia kidonda karibu na kifundo, upande wa ndani, ambacho huchukua miezi kupona.

Daktari akamwandikia soksi ya kubana, ya kufika chini ya goti. Huvaliwa asubuhi kabla mguu haujavimba, na kuivaa ni kupigana mieleka. Akaniuliza: "Mwanangu, ndiyo niivue kwa kila udhu?"

Kwa madhehebu yetu ya Shafii khofu ina masharti: ivaliwe baada ya twahara kamili, ifunike mguu pamoja na vifundo, ihimili kutembea na izuie maji. Soksi hii hupitisha maji, basi hapo inakwama. Lakini Hanbali wanaruhusu kupangusa juu ya soksi nene inayositiri ngozi na kusimama yenyewe bila kufungwa. Mwalimu wetu wa fiqhi alimruhusu kuchukua kauli hiyo kwa sababu ya uzito wake. Aivae baada ya udhu wa Alfajiri, apanguse juu yake mpaka Isha, aivue akilala. Mkazi ana siku moja na usiku wake, kwa hiyo muda unatosha kabisa. Ila ya kwake ilikuwa wazi vidoleni, ikabidi tutafute iliyofunga.

Akiwa na kidonda kilichofungwa bendeji, hukumu ni ya jabira, nayo haina kikomo cha siku. Huosha palipo pazima na kupangusa juu ya bendeji, na Shafii huongeza tayammamu.

Kilichomuumiza zaidi ni tarawehe. Kusimama tuli kunamzidi kuliko kutembea, kwani misuli ya ndama ikifanya kazi husukuma damu juu. Alipokaa kitini, dada mmoja akamwambia anafanya uvivu, akarudi nyumbani akilia. Dada yule hakujua kwamba sunna huswaliwa kwa kukaa hata bila udhuru, na kwamba kwa faradhi Mtume (s.a.w.) alimruhusu Imran bin Huswayn, aliyekuwa mgonjwa, akae asipoweza kusimama. Mama mdogo anaweza kusimama kwa Fatiha, basi katika faradhi husimama hapo, akizidiwa hukaa.

Mguu ukivimba ghafla na kuuma upya, au pumzi ikikata, aende hospitali mara moja. Donge la pili kwenye mguu uleule huzidisha sana uharibifu wa vali.