Mkoba wa Nepi Usiopitisha Maji: Kuushona na Kuutumia kwa Usafi

Kazi ya mkoba

Choo cha mtoto mdogo huweza kubeba virusi na bakteria wa kuhara sawa na cha mtu mzima, hata kama mtoto ananyonya tu na choo hakina harufu kali. Nyumbani nepi chafu hutiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko. Safarini ndiko shida iliko. Mama anayetoka mtaa wa Nyalenda au Manyatta mjini Kisumu kwenda kliniki kwa boda boda, au anayevuka kwa feri kutoka Luanda K'Otieno hadi Mbita, hulazimika kukaa na nepi hiyo saa kadhaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Leso nayo hupitisha unyevu, na unyevu huo hufikia nguo safi, chupa ya maziwa na mikono ya anayembeba mtoto.

Kutupa nepi ziwani au kuisuuza ufuoni ni hatari kwa wengi. Kichocho cha tumbo katika ufuo wa Ziwa Victoria huenezwa kwa choo. Mayai yakifika majini huanguliwa, vimelea hukua ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga, anayevua au anayechota maji. Nepi hubaki mkobani mpaka ifike penye choo, sabuni na beseni.

Vifaa

• Kitambaa cha nje: pamba nzito au kitenge, sentimita 72 kwa 32.
• Bitana isiyopitisha maji, kipimo hicho hicho. Koti zima la mvua la mitumba kutoka soko la Kibuye, Kisumu, hufaa, na pia kitambaa laini cha plastiki cha kufunikia meza. Kilichopasuka kwenye mikunjo kisitumike.
• Zipu ya nailoni ya kukatwa kwa mita, sentimita 36. Zipu ya chuma hushika kutu na huvunja sindano.
• Uzi wa poliesta. Uzi wa pamba hufyonza maji na kuyapitisha kwenye mshono.
• Sindano ya cherehani namba 14, mkasi, chaki na vibanio vya nguo.

Kushona

Bitana hukatwa kipande kimoja kirefu na kukunjwa, isiwe vipande viwili vilivyounganishwa chini. Maji hutuama chini ya mkoba, na kila tundu la sindano ni njia ya kuvuja. Mkoba wenye mkunjo chini hauna tundu hata moja mahali hapo.

1. Upande mmoja wa zipu hulazwa juu ya ukingo mfupi wa kitambaa cha nje, uso wa zipu ukitazama uso wa kitambaa. Bitana huwekwa juu yake, upande wenye plastiki ukitazama chini. Tabaka tatu hubanwa kwa vibanio, kwa kuwa pini hutoboa plastiki, kisha hushonwa pamoja.
2. Vitambaa hugeuzwa, na kingo fupi zilizobaki hushonwa vivyo hivyo kwenye upande wa pili wa zipu.
3. Kichwa cha zipu huvutwa hadi katikati. Hatua hii ikisahaulika, mkoba hautageuzika, na kichwa kinaweza kukatwa pamoja na ncha ya zipu.
4. Kazi hulazwa zipu ikiwa katikati, kitambaa cha nje kikiwa kimekunjwa upande mmoja na bitana upande wa pili. Pembeni hushonwa kwa mshono wa sentimita 1, mashine ikipitishwa polepole juu ya meno ya zipu. Kwenye bitana huachwa nafasi ya sentimita 10 karibu na zipu, mbali na mkunjo wa chini.
5. Ncha za zipu hupunguzwa, mkoba hugeuzwa kupitia nafasi hiyo, nayo hufungwa kwa mshono.

Nyuzi ziwe ndefu kiasi, milimita 3, kwa sababu nyuzi fupi hutoboa plastiki matundu mengi hadi ikachanika. Plastiki ikinata kwenye mguu wa cherehani, karatasi nyembamba huwekwa kati yake na mguu, kisha huchanwa baada ya kushona. Pasi ya moto isiguse bitana.

Mkoba hujaribiwa kabla ya kutumiwa. Maji ya nusu lita humiminwa ndani, nao huning'inizwa dakika 15 juu ya gazeti kavu. Tone likionekana pembeni, mshono huo hupakwa nta ya mshumaa na kujaribiwa tena. Mkoba huu hushikilia unyevu wa nepi. Haukukusudiwa kubeba maji.

Matumizi

Mikoba iwe miwili ya rangi tofauti, mmoja wa nepi safi na mwingine wa chafu. Chupa, kikombe na chakula havikai ndani ya wowote kati yake. Baada ya kubadilisha nepi, mikono huoshwa kwa sabuni na maji kwa sekunde 20. Mkoba usiachwe karibu na mtoto aliyelala, kwa kuwa plastiki huweza kumziba pumzi.

Nyumbani, choo kigumu humwagwa chooni kwanza. Nepi hufuliwa siku hiyo hiyo na kuanikwa juani, na maji ya kufulia humwagwa chooni, mbali na kisima na ziwa. Mkoba hupinduliwa nje ndani, huoshwa kwa sabuni na maji vuguvugu, kisha huanikwa kivulini zipu ikiwa wazi. Maji yanayochemka na dawa kali ya klorini huharibu bitana.

Mkoba haumkingi mtoto dhidi ya kila aina ya kuhara. Mtoto akihara, aendelee kunyonya na apewe maji ya chumvichumvi ya ORS. Akiwa na damu kwenye choo, macho yaliyobonyea, au akishindwa kunyonya, apelekwe kituo cha afya mara moja.