Gari Ikitetemeka Sailensi, Usikimbilie Duka la Spea

Likizo iliyopita niliikuta Probox ya mjomba imepaki uani kwetu Ubaruku, boneti wazi, siku ya tatu haijabeba abiria. Gari ile ndiyo inayopeleka watu na viroba vya mchele Rujewa, na ndiyo inayonilipia ada. Ikikimbia ilikuwa nzima kabisa. Ikisimama, sailensi inapanda na kushuka, usukani unatetemeka, mara inazima.

Mjomba alishabadilisha plagi zote nne. Gereji moja wakaipima kwa mashine, ikatoa msimbo P0171, wakamwambia anunue sensa ya oksijeni, na koili nne kabisa ili kumaliza ubishi. Hela aliyokuwa nayo ni ile ya muhula wangu.

"Mjomba," aliniambia, maana tunaitana hivyo wote wawili, "wewe si unasomea injini huko? Sema, ninunue au nisinunue?"

Nikiri tu: miaka miwili nimechora mzunguko wa Otto darasani, lakini koili sikuwahi kuichomoa kwa mkono wangu.

Nikaanza na koili kwa sababu ndizo zilizotaka kula ada. Injini hiyo, 1NZ-FE, ina silinda nne na kila silinda ina koili yake. Unazima gari, unachomoa soketi ya koili moja, unawasha, unasikiliza kwa sekunde chache tu (petroli isiyoungua ikienda kwenye ekzosi inaharibu katalisti), unazima, unairudisha, unahamia inayofuata. Silinda inayofanya kazi ukiikata, injini inayumba zaidi. Ukiikata na pasibadilike kitu, hiyo ilishalala zamani. Hapo hamishia koili yake silinda ya jirani uone kama ugonjwa unahama nayo. Kwetu, kila niliyoikata injini iliyumba vilevile. Koili zilikuwa nzima.

Baada ya hapo nikapoteza nusu siku nasafisha throtoli. Ilikuwa chafu kweli, ila haikusaidia chochote.

Jioni ndiyo nikarudi kwenye ule msimbo. P0171 hautaji kifaa kibovu. Unasema hewa imezidi petroli. Sensa ya oksijeni ilikuwa imetoa taarifa tu, na sisi tukataka kumfukuza mtoa taarifa! Swali likawa: hewa ya ziada inapitia wapi?

Gari ikiwa sailensi, throtoli imekaribia kufungwa na injini inavuta hewa kidogo sana. Hewa hiyo inapimwa na sensa iliyo karibu na airklina, kisha kompyuta inatoa petroli ya kulingana nayo. Tundu lolote baada ya sensa hiyo linaingiza hewa isiyohesabiwa. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani tena. Ndiyo maana gari ilikuwa inaumwa ikisimama tu.

Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, tuliwasha. Nikanyunyizia maji kwenye mipira ya hewa, mmoja mmoja, mbali na soketi za umeme. Wapo wanaotumia petroli kwa kazi hii, usithubutu. Nilipofika kwenye mpira mdogo unaorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi, sailensi ikatulia kama sekunde mbili, halafu fujo ikaanza upya. Nikazima, nikapapasa kwa chini, mahali macho hayafiki. Alama za meno. Pembeni ya betri kulikuwa na mabua ya mpunga na pumba, kitanda kamili. Panya. Gari hulala ubavuni mwa stoo ya mpunga.

Mpira mwingine tuliupata Rujewa kwa shilingi elfu nane. Mjomba alikaa kwenye usukani akaisikiliza sailensi dakika nzima, kisha akapiga honi kuita abiria. Siku hizi anaegesha upande wa pili wa ua, na kila akinipigia simu anaulizia kama huku mjini naweza kumpatia paka.