Taa na Tarumbeta: Somo Juu ya Sadaka za Watu Mashuhuri

Masomo: Mathayo 5:14–16, Mathayo 6:1–4, Luka 19:1–10, Matendo 9:36–42, Yakobo 2:1–4.

Katika somo la mwezi huu tutatazama jambo ambalo macho yetu yamekwisha kulizoea. Mwimbaji, au mchezaji mpira, au mtu aliyetajirika kwa madini, anakwenda kwa wahitaji na magunia ya mchele. Wapiga picha wapo. Kabla ya jua kuchwa, habari imekwisha kuenea nchi nzima kwa simu na runinga. Wakristo wengine husema, "Mungu ambariki, angalau amewakumbuka maskini." Wengine hutikisa kichwa na kusema, "Anajitangaza tu huyo." Tusikimbilie upande wowote kabla ya kuyapima Maandiko.

1. Maandiko mawili

Katika Mathayo sura ya 5, Bwana anawataka wafuasi wake waache nuru yao ionekane, ili watu wamtukuze Baba. Katika sura ya 6 anawaonya wasitoe sadaka kwa kujitangaza mbele ya watu. Je, Bwana amejipinga? Hasha! Kanisa letu limeyashika maneno yote mawili. Katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, aya ya kwanza kati ya zile zilizowekwa kusomwa wakati wa matoleo ni hiyo Mathayo 5:16. Tena Jumatano ya Majivu makanisa mengi husomewa lile onyo la sura ya 6.

Taa na tarumbeta vyote viwili huwajulisha watu jambo. Lakini taa humulika njia, na mtu akapata pa kukanyaga. Tarumbeta huwaita watu wamgeukie mpigaji. Kwa hiyo swali letu lisiwe, "Je, watu wameona?" Yafaa tuulize, "Wameona nini?"

2. Mifano ya wakati wetu

Mwaka 2020, siku za ugonjwa wa korona, mwimbaji Diamond Platnumz alitangaza kwamba atazilipia kaya 500 kodi ya nyumba kwa miezi mitatu. Mwaka huo huo, mchimbaji mdogo wa Mirerani, Saniniu Laizer, aliiuzia Serikali mawe mawili makubwa ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Siku moja jina lake likajulikana duniani kote, naye akasema kwamba sehemu ya fedha hizo angejengea shule kwao Simanjiro. Habari kama hizi ni njema. Mchimbaji wa Nyarugusu au Kakola akisikia kwamba mwenzake alipopata alifikiria shule, hiyo ni taa. Inamwonyesha kwamba fedha ya madini ina njia nyingine zaidi ya baa na magari.

Lakini tusipime msaada kwa ukubwa wa sifa. Hapa kwetu Shinyanga tunao mfano wa zamani. Dk. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Mwaka 1947 jiwe la rangi ya waridi, la karati 54.5, lilipatikana hapo, naye akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Jiwe lile habari zake zimo vitabuni mpaka leo. Hatumlaumu, kwa maana zawadi ya arusi si sadaka. Lakini mgodi ule ule ulikuwa na hospitali, na mama aliyejifungua salama pale Mwadui, habari zake ziliishia nyumbani kwake. Sifa na msaada ni mizani mbili tofauti.

3. Anayepokea

Mara nyingi tunamjadili mtoaji na kumsahau mpokeaji. Tukumbuke watoto wenye ualbino. Katika miaka ya 2007 na 2008 mikoa yetu ya Ziwa ilitiwa aibu na mauaji ya ndugu hao, yaliyotokana na uongo wa waganga kwamba viungo vyao huleta dhahabu na samaki. Watoto wengi walipelekwa kuhifadhiwa Buhangija, katika Manispaa ya Shinyanga. Wageni wenye majina walifika na mchele, sabuni, kofia na mafuta ya kukinga jua. Vitu hivyo vilihitajiwa sana, kwa sababu jua huwaletea ndugu hao saratani ya ngozi.

Hata hivyo tujiulize mambo mawili. La kwanza: baada ya gari la mgeni kuondoka, kimebaki nini? Mafuta huisha, na jua la Shinyanga haliishi. Peter Ash, Mkanada ambaye mwenyewe ana ualbino, alianzisha shirika la Under The Same Sun mwaka 2008, na shirika hilo limewalipia watoto wengi wenye ualbino masomo yao. Ada inayolipwa mwaka hadi mwaka haina picha ya kusisimua, lakini mtoto anakua nayo.

La pili: picha ile inalipwa na nani? Mpokeaji hana fedha, basi analipa kwa uso wake. Sisi tuliofundisha shule twajua jinsi mtoto anavyoinamisha kichwa anapoitwa mbele ya mstari kupewa sare ya msaada. Wenzake husahau mambo mengi ya mwaka ule, lakini hilo hawalisahau. Na kwa mtoto ambaye wauaji walimtafuta, kuonyesha uso wake na jina la kijiji chake ni kumwongezea hatari.

Hapa Dorkasi wa Yafa ni mwalimu wetu. Nguo alizowashonea wajane zilionekana, lakini si yeye aliyezionyesha. Wajane wenyewe walizionyesha kwa hiari yao, wakilia, naye amekwisha kufa. Mpokeaji akitaka kushuhudia, na ashuhudie. Asilazimishwe kushukuru mbele ya watu ili apate kilo mbili za sukari. Wahenga walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Na moyo huo hauna masimango.

4. Sadaka na haki

Zakayo alikuwa tajiri aliyejulikana, naye alitamka sadaka yake hadharani. Bwana hakumkemea. Lakini angalieni kwamba katika maneno yale yale Zakayo aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Basi mwenye duara anayewanyima wachimbaji mgawo wao wa viroba, kisha akaleta bahasha nene kanisani, hajamfuata Zakayo. Ameanza na tarumbeta akaacha deni. Awalipe kwanza walioshuka shimoni.

5. Nasi je?

Ni rahisi kuwahukumu waimbaji wa Dar es Salaam. Lakini katika harambee zetu nani huketishwa mbele? Yakobo analieleza jambo hili waziwazi. Mnunuzi wa dhahabu akitoa milioni, twapiga vigelegele na kumtaja mara tatu. Mjane akileta jogoo wake, jogoo ananadiwa na mjane hatajwi. Tukifanya hivyo, sisi wenyewe ndio tunaompa tajiri tarumbeta mkononi, na kumfundisha maskini kwamba sadaka yake ni ndogo mbele za Mungu.

Yatupasa tuanze na machache. Misaada kwa wagonjwa na yatima wa parishi ipelekwe nyumbani kwao na watu wawili, bila kamera. Hesabu zisomwe wazi kanisani, kiasi kilichopatikana na kilivyotumika, ili uaminifu uonekane. Majina ya waliosaidiwa yabaki kwa kasisi na wazee wa kanisa.

Maswali ya kujadiliana

1. Soma Mathayo 5:16 na 6:1. Ni nani atukuzwaye katika kila aya?
2. Taja msaada mmoja uliofika kijijini kwenu kwa sherehe. Baada ya mwaka mmoja kilibaki nini?
3. Je, parishi yafaa ipokee fedha ya mtu anayejulikana kuwadhulumu wafanyakazi wake? Toeni sababu kutoka Luka 19.
4. Mngepangaje harambee ijayo ili mwenye jogoo na mwenye milioni waheshimiwe sawasawa?

Zoezi la nyumbani: kabla ya Jumapili ijayo, mtendee mtu mmoja jambo jema, wala usimwambie mtu, hata katika kikundi chako cha sala.