KIBANDA CHA MITI UANI: MAGOGO AU NGUZO?

Nyumba ya magogo ni ile ambayo kuta zake ni miti mizima iliyolazwa mmoja juu ya mwingine, na kushikamana pembeni kwa kuchongwa. Asili yake ni nchi za baridi kama Urusi, Finland na Uswidi, ambako misonobari hurefuka na kunyooka. Waswidi waliohamia Marekani mwaka 1638 walikwenda na ujuzi huo.

Kwetu Nyahanga tunahitaji chumba kimoja zaidi uani, kwa maana sisi ndugu wanne tunalala pamoja na magunia ya mpunga, wala hapana nafasi ya kusomea wakati wa likizo. Kaka yangu aliona picha ya nyumba ya magogo akaipenda. Baba akaniambia, "Wewe unajifunza hesabu. Nipe hesabu ya miti."

Basi tuchukue chumba cha mita 4 kwa mita 4, chenye ukuta wa mita 2.4. Tukitumia magogo yenye kipenyo cha sentimita 20, kila ukuta utataka magogo 12, na kuta nne magogo 48. Huo ni urefu wa mita 192, na ujazo wake ni kama mita za ujazo 6.

Sasa tuchukue nguzo zenye kipenyo cha sentimita 10, zilizosimamishwa kila baada ya nusu mita. Zitakuwa 32. Tuongeze miti ya kulaza chini, na mtambaapanya wa juu. Jumla ni mita 109 hivi, na ujazo wake haufiki hata mita moja. Nikiacha mlango, fito na paa, nyumba ya magogo hula miti karibu mara saba.

Hesabu hiyo si jambo dogo katika nchi yetu. Tangu miaka ya 1920 mapori mengi ya Shinyanga yalifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, na baadaye kilimo cha pamba na wingi wa mifugo vikazidisha upungufu wa miti. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, uliodumu hadi mwaka 2004. Mpango huo uliwahimiza wenyeji kuirudia desturi ya ngitili, yaani kutenga eneo la nyasi na miti lipumzike, lipate kuwafaa mifugo wakati wa kiangazi. Kadhalika, wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Geita na hapa Kahama hutaka miti mingi ya kuzuia kuta za mashimo, nao huiita matimba.

Adui wa pili ni mchwa. Gogo lililolala juu ya ardhi ni karamu yao. Kwa hiyo yafaa kufuata mambo haya:

1. Jenga msingi wa mawe na saruji wenye kimo cha sentimita 30, ndipo ulaze mti wa chini juu yake. Mti usiguse udongo wa ardhini.

2. Ondoa magome yote, kwa kuwa wadudu hujificha chini yake, kisha anika nguzo kivulini.

3. Kila pembe igongewe mti wa mshazari, ili upepo usiyumbishe nyumba.

4. Upenu utokeze sentimita 60, ili mvua za masika zisipige kuta.

5. Kagua msingi kila juma. Ukiona njia ya udongo inapanda juu ya mawe, ibomoe upesi, kwani ndiyo barabara ya mchwa.

Wazee husema kuchoma ncha ya nguzo husaidia. Ni kweli, lakini husaidia kidogo tu. Hakuzuii mchwa kabisa.

Baada ya kuiona hesabu, Baba alichagua nguzo, na Kaka akakubali kuchimba msingi. Nguzo zitanunuliwa kwa mtu aliyepanda miti yake mwenyewe. Pia tutapanda mijohoro mpakani mwa shamba. Mjohoro ukikatwa huchipua tena kutoka kisikini, hivyo wadogo zetu watakapotaka chumba chao hawatakuwa na haja ya kwenda porini na shoka.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne