Somo la Vikundi: Boma la Vizazi Vitatu Kando ya Mto



Katika somo hili tunataka kuongea juu ya boma. Hatusemi nyumba moja tu, tunasema makao yote: nyumba ya wazazi, nyumba za vijana, jiko, zizi, choo, shamba na njia ya kwenda mtoni. Huku kwetu, kuanzia Karungu na Sori hadi kule chini Mto Kuja unakoingia ziwani, watu wengi wanapenda boma kubwa karibu na maji, ambapo babu, watoto na wajukuu wataishi pamoja. Ni jambo zuri. Lakini boma la namna hiyo halijengwi kwa mabati na saruji peke yake. Linajengwa kwa mapatano, na mapatano hayo yafanywe kiangazi, kabla mto haujaja mlangoni.

Mkimaliza somo hili, kikundi kitaweza kuchora boma na kujua maji yanafika wapi, kupanga nafasi ya kila kizazi, na kuwasaidia wenye boma kuzungumzia yale mambo magumu ambayo watu huyaahirisha.

Somo linahitaji kama saa mbili. Mwiteni mzee mmoja anayekumbuka mafuriko ya zamani, na pia mama anayechota maji kila siku. Tafuteni vijiti, mawe na majani ya kuchorea chini.

1. Tuanze na tulicho nacho

Boma la Kijaluo, yaani dala, lina mpango wake. Ukiingia langoni unatazamana na nyumba ya mke mkubwa kule juu. Nyumba za wake wengine zina pande zao. Vijana wa kiume wana simba zao karibu na lango. Mzee alikuwa na duol, mahali pa kuota moto na kupokea wageni. Nyanya naye alikuwa na siwindhe, ambamo wasichana na wadogo walilala, wakasikia hadithi na kufundishwa mambo ya maisha. Kijana akishakuwa na familia, baba yake humtoa kwenda kuanzisha boma lake. Mkubwa ndiye hutangulia, wengine hufuata kwa zamu, na kitinda mimba hubaki kwa wazazi.

Tuseme ukweli, mpango huu ulikuwa na akili. Mzee hakuachwa peke yake, mtoto hakukosa pa kulala, na kila mtu alijua zamu yake.

Na wazee wetu walijua kuchagua mahali. Hapa hapa Kaunti ya Migori tuna Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yanayodhaniwa kujengwa katika karne ya 16. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliyaweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na hazina saruji wala udongo wa kuunganisha. Zimepangwa mawe upande wa nje, mawe upande wa ndani, na katikati mawe mengine ya kuzishikilia pande zote mbili. Ndani waliishi watu na mifugo yao, ukoo pamoja. Angalieni pia wamejenga wapi: mahali penye mteremko, si bondeni. Maji ya mvua hushuka na kwenda zake.

2. Mto ni rafiki, lakini una tabia zake

Mto unatupa maji ya mifugo, mboga wakati wa kiangazi, samaki, mchanga na kivuli. Tangu watu waone faida ya kumwagilia, kama katika mradi wa Lower Kuja huko Nyatike, shamba la kando ya mto limepanda thamani.

Lakini Mto Kuja, ambao kule juu wanauita Gucha, unaanzia milima ya Gusii na unapokea Mto Migori njiani. Kwa hiyo mvua ikinyesha sana huko juu, maji yanaweza kutufikia usiku hata kama kwetu siku hiyo hakukuwa na wingu. Usipime mto kwa mvua ya kwako tu.

Ziwa nalo hupanda na kushuka. Baada ya mvua kubwa za 1961, maji ya Ziwa Victoria yaliendelea kupanda hadi 1964, zaidi ya mita 2. Wengi walisahau, wakajenga tena chini. Mei 2020 ziwa likapita hata kile kimo cha 1964, na watu wa ufuoni wakahama. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zikaleta mafuriko tena sehemu nyingi za Kenya. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Tangu nizaliwe maji hayajafika hapa," muulize kwanza amezaliwa mwaka gani.

3. Zoezi: tuchore boma

Fanyeni kazi hii nje, chini ya mti. Chagueni boma moja la mwanakikundi ambaye amekubali.

Kwanza, chora mto kwa majani. Halafu mzee aweke jiwe pale maji yalipofika katika mafuriko makubwa anayoyakumbuka. Ulizeni pia majirani, na mtazame takataka za mafuriko zilizonasa mitini. Ule ndio mstari wa maji. Nyumba ya kulala isiwe chini yake, hasa nyumba ya mzee asiyeweza kukimbia.

Pili, weka vijiti kwa watu wote: walioko nyumbani, walioko Nairobi au Kisumu ambao watarudi, wajukuu, binti aliyerudi kwao, na yatima. Ukimwi uliwaacha nyanya wengi wa huku wakilea wajukuu, kwa hiyo msimsahau mtoto ambaye baba yake hayupo. Kijiti chake kiko wapi? Atajenga upande gani?

Tatu, chora njia ya mtoni. Ni ya nani? Shamba likigawanywa kesho, njia hiyo itabaki wazi kwa kila nyumba, au itaangukia kwa mmoja naye aweke uzio?

Nne, mama anayechota maji aonyeshe mahali penye mamba au kiboko, na saa za hatari. Watoto wasitumwe huko peke yao.

4. Swali gumu

Wacha tuchukue mfano. Baba amefariki. Mama mzee anakaa katika nyumba iliyo karibu na mto, na ukuta umeshapasuka. Mtoto wa kwanza yuko Nairobi na hajajenga boma lake. Wa pili ana mke na watoto wanne, bado yuko simba. Mafuriko yanakuja, lazima wahamie sehemu ya juu. Wa pili anasema, "Mimi siwezi kumtangulia ndugu yangu mkubwa." Wajomba wanasema tungoje. Mama naye anaambiwa kwamba mjane hajengi tu hivi hivi. Kila mtu anangoja mwenzake, na mto haungoji mtu.

Hatuwaambii mdharau desturi. Anayeogopa kuvunja mwiko wa wazee wake anaogopa kweli, na kumcheka hakumsaidii. Lakini tujiulize: desturi ya mkubwa kutangulia ilikuwa inalinda nini? Ilikuwa inalinda heshima na amani kati ya ndugu. Je, heshima hiyo italindwaje ikiwa watoto wa mdogo wanalala majini?

Vikundi vinaweza kusaidia hivi. Wakati wa kiangazi, watu wa boma wawaite wazee wa ukoo, na mkubwa aje mwenyewe, au kama hawezi kabisa, apigiwe simu mbele ya wote. Wakubaliane ni hatua gani inatosha ili mkubwa ahesabiwe ametangulia, na lini ataifanya. Wakubaliane pia kwamba maji yakija ghafla, kibanda cha dharura sehemu ya juu hakihesabiwi kuwa ni kuanzisha boma. Mama asikie maneno hayo kwa masikio yake, na aulizwe yeye anataka kukaa wapi. Mwandike katika daftari, na mashahidi watie sahihi.

5. Sheria inasemaje?

Mambo machache ya kushika:

Kingo za mto zinalindwa. Sheria ya mazingira inatenga mita 6 hadi 30 kila upande, kuhesabu kutoka kimo cha juu cha mafuriko yanayojulikana. Hapo hapajengwi wala hapalimwi.

Mtu akifa, shamba lake haliuzwi mpaka mahakama imetoa hati ya usimamizi na kuithibitisha. Ndugu mmoja akiuza kipande cha mtoni kabla ya hapo, mauzo hayo si halali. Anzeni kwa barua ya chifu inayotaja wote wanaostahili kurithi.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, haimtengi binti, awe ameolewa au hajaolewa. Mjane ana haki ya kukaa na kutumia shamba la mumewe. Katiba ya 2010 nayo inakataa ubaguzi wa wanawake katika mambo ya ardhi.

Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila mwenzi kukubali. Na shamba la kilimo likiuzwa, lazima lipitie bodi ya ardhi.

6. Kazi za mikono

Udongo mweusi wa bondeni huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ndiyo maana kuta zinavunjika. Ukiweza, jenga mahali pasipo na udongo huo. Usipoweza, chimba msingi mpana, inua sakafu, na uchimbe mtaro wa kuondoa maji ukutani.

Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisima, na kiwe upande wa chini wa kisima. Msikichimbe mahali panapofunikwa na mafuriko.

Msikate miti na matete ya kingo za mto, mizizi yake ndiyo inayoshika udongo. Mikaratusi ipandwe mbali, inakunywa maji mengi.

Vuneni maji ya mvua ili nyanya asishuke mtoni. Hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mabati la mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48. Mvua moja ya milimita 20 inatoa lita 960. Toa zile zinazopotea, ubaki na kama 800. Watu 8 wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, hayo ni maji ya siku 5 kutoka mvua moja. Maji ya kunywa yachemsheni au yatieni dawa. Watoto wasiogelee ovyo, kwani kichocho kiko ziwani, na kila anayelala bomani awe na chandarua.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, ni maboma mangapi yaliyo chini ya mstari wa maji? Nani anaishi humo?
2. Ni mambo gani ya boma ambayo watu wanaogopa kuyataja mzee akiwa hai? Kwa nini?
3. Mjane au yatima akinyimwa nafasi, kikundi chetu kitamsindikiza kwa nani kwanza?
4. Ni nani atakayepiga simu mto ukianza kujaa kule juu?

Kazi ya nyumbani

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanakikundi akae na watu wa nyumbani kwake, wachore boma lao na waweke jiwe la mstari wa maji. Halafu kila mmoja atuletee jambo moja walilokubaliana na jambo moja lililowashinda. Hilo lililowashinda ndilo tutakaloanza nalo.